Yai Linalorudi

Kule Muroran, mji wa tanuri za chuma,
baba yangu Heisaku alikuwa na mashine sita za mchezo
katika chumba kilichokuwa duka la samaki.
Harufu haikuhama. Wateja walihamia humohumo.

Mashine ya dirishani ilikuwa na kicheche
anayeruka kutoka birika hadi birika.
Birika, alama hamsini. Yai, mia.
Ukianguka hupotezi ulichovuna,
unapoteza pumzi tu, moja kati ya tatu.
Ile iliamini haba na haba.
Kuramochi, mchomeleaji wa zamu ya usiku,
aligundua kwamba ngazi ya nne ina yai
linalorudi kila ukilipa kisogo,
akasimama pale robo saa, akigeuka, akigeuka,
kama mtu anayekamua mbuzi mmoja mpaka alfajiri,
na kibaba kikajaa, kikamwagika:
KRM, karibu na kilele cha orodha.
Ngazi ya tano hakuiona maisha yake yote.

Je, huyo ni bora kuliko kaka yangu Kiyohiko
aliyemaliza mchezo mzima bila kuokota yai,
akaambulia nafasi ya tisa?
Waligombana mpaka kopo la kahawa likaruka.
Kwa mruko huo hakuna aliyepewa alama.

Na mashine zile hazikuwa na kumbukumbu.
Baba akizima umeme saa tano usiku
wafalme wote kumi walikufa pamoja.
Basi alinunua chaki,
akaniweka mimi, mwenye mwandiko,
ninakili majina ukutani kabla ya swichi.

Halafu ikaja mashine ya nyumbani,
na mchezo uliokungoja mlangoni kama mwalimu wa zamu:
umetumia muda gani, umepigwa mara ngapi,
kisha herufi moja, kubwa, bila maelezo.
D ililetwa na tarumbeta iliyopasuka.
C. B. A.
Na juu ya A waliweka S.
Nani aliwafundisha hawa alfabeti?
Kiyohiko alipata A mara arobaini
akaiita aibu,
yeye ambaye shuleni hakuwahi kuiona.
Mchezo huo haukusikia kwamba haraka haraka haina baraka:
simama sekunde mbili uitazame theluji
ambayo mtu fulani aliichora kwa taabu nyuma ya mnara,
umeshashuka daraja.

Siku hizi Chinatsu, binti yake,
anacheza kitu kisichohesabu chochote ila vifo.
Mwisho wa ngazi: *Umekufa mara 1,412.*
Ananionyesha kama cheti. "Shangazi, tazama!"
Sikujua niseme pole au hongera.
Nilisema zote mbili.
Kuna pia orodha ya dunia nzima,
na humo yeye ni wa 48,211.
Juzi alipanda hadi 48,190, akalala anatabasamu.
Watu ishirini na mmoja wamepitwa,
wala hakuna aliyewarushia kopo.

Orodha ya ukutani, naikumbuka yote.
Juu ya KRM palikuwa na mstari uliowakera wazima na watoto:
AAA,
herufi ambazo mashine hujiwekea
mtu akiondoka bila kuchagua jina.
Walisema ni baharia. Walisema ni hitilafu ya waya.
Kuramochi alisema ni mwoga.

Binti wa mwenye duka hachezi mbele ya wateja,
achilia mbali kuwashinda.
Nilicheza asubuhi kabla ya shule,
sakafu ingali mbichi, kwa ufunguo wa baba, bila sarafu.
Mayai niliyaokota yaliyokuwa njiani.
Lile linalorudi nililijua;
nililipita.
Mashine ilipouliza jina
niliondoa mikono, nikaiacha ihesabu
kumi, tisa, nane, hadi sifuri,
nikabeba mkoba wangu.

Jioni nilipanda kiti nikaandika,
nikikaza chaki kidogo
kuliko kwenye majina mengine.